Msikiti Sebuleni kwa Nesi

Nesi hakujua jina la msikiti uliokuwa ukutani kwake, wala hakuwa na haja ya kulijua. Aliuona Kariakoo kwenye duka la mapazia, umechapwa juu ya turubai na kuwambwa kwenye mbao, akaupenda kwa sababu kuba lake lilikuwa la buluu na makochi yake yalikuwa ya buluu. Aliuvusha kuja Mafia umefungwa kwenye blanketi, ameukumbatia njia nzima kutoka bandari ya Nyamisati, na abiria wenzake wakadhani amebeba kioo.

Ulikuwa msikiti wa kale wa nchi za mbali, wenye minara minne myembamba na uwanja wa mawe uliojaa njiwa. Kila mgeni aliyeketi sebuleni pale aliutambua papo hapo. Mmoja alisema ni wa Uturuki, amewahi kuuona kwenye kalenda. Mwingine akasema hapana, huo uko Uajemi. Maalim wa madrasa ya mtaani kwetu Kilindoni aliukazia macho, akasema ni Samarkandi, na alilitamka jina hilo kwa raha hata sote tukatamani kumwamini. Nesi aliwakubalia wote. "Eh, ndio huo huo," alisema, akaendelea kumimina chai.

Mwenyewe alikuwa Mkristo, mtu wa Njombe, muuguzi wa hospitali aliyeletwa kisiwani na serikali, akafanya kazi mpaka akastaafu, kisha asiondoke. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Wauguzi walikuja wakahamishwa, huyu akaitwa sista, yule akaitwa mama fulani. Ukisema Nesi bila kuongeza neno, hata mtu wa Bweni, mwisho wa kisiwa, alijua unamsema nani. Na mimi hapa sitamwita vinginevyo, maana angenikemea.

Namwandika kwa sababu ya picha ile. Ndiyo iliyomkalisha mama yangu kwake kila alasiri kwa miaka, na ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumrudisha Nesi bara na mizigo yake, akiamini kwamba amemharibia ibada rafiki pekee aliyekuwa naye katika kisiwa hiki. Nikikumbuka tulivyokaribia kumkosa, mpaka leo moyo unanienda mbio kidogo, halafu unatulia.

Ilianza hivi. Nyumba yetu na ya Nesi zilitenganishwa na ua wa makuti. Mama alipomaliza shughuli za mchana alikwenda kwa Nesi kunywa chai, wakazungumza. Walizungumza nini mimi sijui, maana ukiingia walinyamaza, ukitoka wakacheka. Lakini adhana ya alasiri ikisikika, Mama alijitanda kanga yake akainuka. "Narudi sasa hivi," alisema, na hakurudi. Akishaswali kwake atakuta kuku wametapanya mchele, au mgeni amefika barazani, na siku imeisha. Nesi akabaki na vikombe viwili.

Siku moja akachoka. "Dada, nimechoka kuachwa na chai," alimwambia. "Swali hapa hapa."

"Kwako?" Mama akacheka. "Kibla chenyewe unakijua?"

"Nitakijua."

Akaenda kumwuliza Maalim. Maalim alimwambia asijisumbue, kwetu sisi Mafia kibla ni kaskazini. Mtu akiwa Kilindoni aelekee Bweni tu, aupite mnara wa taa wa Ras Mkumbi kwa mawazo yake, aendelee moja kwa moja, atafika. Nesi akarudi, akasimama katikati ya sebule akanyoosha mkono upande wa Bweni, na kwenye ukuta huo ndipo alipoutundika msikiti wake. Aliupandisha juu, maana Maalim alimwonya kwamba haipendezi anayeswali kukabiliana na mapicha. Akanunua mswala mpya ambao hakuna kiatu kilichoruhusiwa kuukaribia, na birika la kutilia udhu ambalo aliyethubutu kulitumia kumwagilia mchicha aliambiwa maneno yake.

Na Mama akiinuka kuswali, Nesi alitoka. Hilo halikuwa na mjadala. Alizima redio, akaenda jikoni akaurudisha mlango, akakaa huko kimya mpaka asikie Mama anakohoa. Nilimwuliza kwa nini anajifungia kama mtoto aliyetiwa adabu.

"Mtu anapozungumza na Mungu wake, wewe unasimama hapo unatafuta nini?" alinijibu. "Unachungulia?"

Ulimi wake haukuwa na pazia. Aliwahi kumwambia bibi harusi, siku ya harusi yenyewe, mbele ya wapambaji, kwamba hina na poda ni vizuri lakini damu hana, na keshokutwa amwone hospitali. Wapambaji walinuna. Bibi harusi alikwenda, akakutwa kweli damu hana. Kwa watu waliokimbia chanjo, Nesi alikuwa na neno lake moja, "Sindano haina dini," na akishalisema alikuwa tayari amekushika mkono.

Lakini mtu huyo huyo asiyejua kupaka maneno asali, akiingia chumba cha kuzalishia alisema uongo kama maji. Nilipokuwa najifungua mtoto wangu wa kwanza nilipiga kelele namtaka Mama. Nesi akaniambia, "Mama yako yuko nje anakunywa soda, hana hata habari na wewe. Sukuma." Nilikasirika mno, nikasukuma kwa hasira. Baadaye nikajua kwamba Mama alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya ukumbi akilia, na kwamba Nesi alikuwa akitoka kila baada ya muda kumwambia kuwa mimi nacheka na kusimulia hadithi. Alitudanganya wote wawili bila kupepesa macho. Sijawahi kumdai maelezo.

Kitu alichokiogopa duniani ni popo. Mtu aliyeshona kichwa cha mvuvi kilichopasuliwa na panga boi la injini ya boti, huku akimwuliza habari za wajukuu, alikuwa akiona popo anafunika uso kwa mikono. Na kazi ikamtaka aende kisiwa kidogo cha Chole kila mara, kwenye kliniki ya watoto, Chole ambako popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe. Alipanda mashua Utende macho yameshafungwa, kwa kuwa bahari nayo hakuipenda, akafika Chole akafungua mwavuli, na mwavuli huo haukushuka mpaka awe ndani ya kliniki. Wanawake wa Chole walimngojea njiani kwa makusudi. "Nesi, yule pale anakutazama!" Naye akaongeza mwendo huku akiwatukana kwa Kibena, na watoto wakamfuata nyuma wakicheka.

Mwezi wa Ramadhani ulimtia katika matatizo aliyojitafutia mwenyewe. Hakuna aliyemtaka afunge, lakini aliona aibu kula. Alikula chumbani, dirisha limefungwa, katika joto lile, viazi vya kuchemsha kwa sababu havina harufu. Siku moja Mama alibisha hodi akamkuta anaitikia kwa kichwa tu, mashavu yamejaa.

"Kula, mwanamke wewe," Mama alimwambia. "Nani kakufungisha?"

Nesi akameza kwa taabu. "Nina haya, dada."

Magharibi ikiingia, alikuwa wa kwanza mkekani kwetu, anadai uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi utadhani ni yeye aliyeshinda na njaa. Mama alimpakulia kabla ya sisi watoto wake, na tukinung'unika alisema mgeni ni mgeni. Mgeni gani huyo, amekaa kisiwani miaka mingi kuliko baadhi yetu!

Naye mwenyewe aliushikilia ugeni wake kwa nguvu zote. Alilalamikia joto. Alilalamikia chumvi inayokula mabati, boti inayochelewa, na viazi mviringo vinavyofika vimeoza. Kila mwaka alitangaza kwamba mwakani anakwenda kwao. Wanawe walikuwa huko, walimpigia simu kumsihi, walikuwa hata na chumba chake. "Mwakani," aliwajibu. Tulizoea. Mama alikuwa akimwuliza kwa dhihaka, "Mwakani wa lini, shoga yangu?" Nesi akajibu, "Utakapokubali kutolewa hiyo mitoto ya jicho."

Hapo ndipo walipogombana kweli. Macho ya Mama yalikuwa yameingia ukungu, kila mwaka zaidi. Nesi alimweleza kwamba ni upasuaji mdogo, ataona kama msichana. Mama hakutaka kisu kwenye jicho lake, hata cha malaika. Nesi akafoka, Mama akanuna, siku mbili tatu chai haikunywewa, halafu wakarudiana bila mmoja wao kuomba radhi. Mama alisema anaona vya kutosha. Akiingia kwa Nesi aliona buluu ile ya kuba mbele yake, na akishaiona buluu, alijua asimame wapi. "Hiyo buluu yako yanitosha," alimwambia.

Sasa ikaja masika iliyovujisha nyumba ya Nesi. Maji yaliteremka ukuta wa upande wa Bweni mpaka plasta ikavimba, na mengine yakaingia kwa mlango wa mbele. Picha ikashushwa, ikafungwa kwenye blanketi lake. Nesi akamwita fundi. Fundi akapiga plasta upya, akashauri mlango wa kusini uzibwe maana ndio unaokaribisha maji, na mwingine ufunguliwe upande wa mashariki, uliko mwinuko. Ushauri mzuri. Mlango ukahama. Makochi nayo yakageuzwa kufuata mlango. Kazi ilipokwisha, fundi aliuliza picha aiweke wapi.

"Mbele ya mlango," Nesi alisema, "kama ilivyokuwa."

Na kweli, zamani mtu akiingia aliikuta mbele yake. Fundi akaitundika mbele ya mlango. Lakini mlango sasa ulikuwa mashariki, na mbele yake ni magharibi.

Hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya Kirongwe, nilikuja mwisho wa wiki, nikaingia nikaona buluu pale ninapotarajia kuiona, nikasifia plasta. Mama aliingia kwa mlango mpya akishika ukuta, akaiona buluu yake mbele, akafurahi kwamba imerudi. Alasiri ikaadhiniwa. Nesi akazima redio, akaenda jikoni, akaurudisha mlango. Mama akaielekea buluu. Ikawa hivyo masika yote, kipupwe chote, na Ramadhani nayo ikapita humo ndani.

Aliyegundua ni binti mmoja mfamasia, mtu wa Tanga, aliyehamishiwa hospitali akaja kumsalimia muuguzi mstaafu. Wakati wa swala ulipofika aliomba mahali. Nesi, kwa fahari, akamtandikia mswala wenyewe. "Elekea kwenye picha," alimwambia.

Binti alikuwa mgeni wa kisiwa, akatoa simu yake kuhakikisha. Akaigeuza simu huku, akaigeuza kule. "Samahani, mama," akasema kwa adabu, "huku mbona ni magharibi? Kibla ni huku." Akageuka, akaswali kuelekea kwenye kabati la vyombo.

Kesho yake nilikuwa darasani nikaitwa nje. Nesi alikuwa amekuja mpaka Kirongwe kwa bodaboda, yeye asiyepanda bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikajua Mama amekufa. Nilimshika mabega nikamwambia aseme tu.

"Nimemharibia mama yako swala zake," alisema.

Nilichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilitaka kucheka kwa furaha, kwa vile Mama yuko hai, lakini uso wa Nesi haukuruhusu. Alinieleza mlango, fundi, picha, binti wa Tanga. "Mimi nilitoka, nikamwacha peke yake na ukuta," alirudia. "Nilitoka kwa heshima. Ningekaa, si ningemwona anaelekea wapi?" Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: kwamba Wakristo wote wa Kilindoni wangeweza kukaa hapa miaka mia bila kumkosea mtu, na yeye, aliyeamua kusaidia, ndiye aliyemgeuza Mwislamu kutoka kwenye kibla chake. "Watasema nilikusudia," alisema.

"Nani atasema?"

"Hata wasiposema, mama yako mwenyewe atajiuliza."

Aliniomba nimwambie Mama mimi. Nilikataa. Nilimwambia jambo hili ni lenu wawili, naahidi sitaliingilia, lakini nitakwenda kwa Maalim niulize hukumu yake, bila kumtaja mtu. Nikaenda jioni hiyo hiyo. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba wanazuoni wamehitilafiana katika hilo. Wapo wanaosema mtu akijua kwa yakini kwamba alikosea, arudie swala zile. Wapo wanaosema aliyejitahidi, au akaongozwa na mtu anayemwamini, swala yake imetimia. Mtu mzima asiyeona vizuri, alisema, hana lawama hata chembe. Akitaka moyo wake utue, azilipe kidogo kidogo kwa uwezo wake. Halafu akaongeza, kana kwamba nilimtaja mtu, "Na aliyemwelekeza naye mwambie anywe maji apumzike."

Nilirudi mbio kumpasha Nesi. Nilidhani nimembebea dawa. Alinisikiliza, akashukuru.

"Basi Maalim amemwondolea lawama mama yako," alisema. "Mimi je?"

Kuanzia hapo akamkimbia Mama. Mara ana malaria, Mama asije, ataambukizwa. Nesi huyu, aliyetufundisha sote kwamba malaria haiambukizwi kwa chai. Mara ana wageni. Mara amefunga mlango na yumo ndani, tunamsikia. Mama alikwenda na fimbo yake akabisha, akarudi. Akakaa barazani na chai yake mwenyewe, hakuimaliza.

"Nesi amenichoka," aliniambia. "Mtu akiwa haoni huwa mzigo. Mimi simlaumu."

Nilimwapia kwamba sivyo. Akataka kujua kama sivyo basi ni nini, na mimi, kwa ahadi yangu ya kijinga ya kutoingilia, nikanyamaza. Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili. Watu wazima, wanawake waliozika na kuzalisha, kila mmoja amekaa upande wake wa ua wa makuti anaugua kwa ajili ya mwenzake.

Halafu nikasikia sokoni kwamba Nesi ameulizia boti, na kwamba amewagawia majirani sufuria zake.

Safari hii sikuahidi mtu kitu. Nilimwendea Mama nikamwambia, "Nesi anahama. Si kwa kukuchoka. Ana jambo anaogopa kukwambia, na asipokwambia leo hutamwona tena." Mama hakuuliza jambo gani. Alivaa ndala, akanipa mkono. Tulipofika aligonga mlango kwa fimbo, si kama anayebisha hodi.

"Fungua, Nesi! Usipofungua nalala hapa mlangoni, uje uniruke ukienda kwenu."

Ulifunguka. Sebule ilikuwa imejaa maboksi yaliyofungwa kamba za katani. Makochi yalivuliwa vitambaa. Mama alisimama mlangoni, akatazama mbele, akageuza kichwa taratibu kulia na kushoto.

"Buluu yangu iko wapi?"

Nesi akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani. Alilia amesimama, mikono imening'inia, na katika kulia huko akaeleza yote, kwa haraka, bila kujitetea. Kwamba mlango ulihama. Kwamba picha ilifuata mlango. Kwamba tangu masika, kila alasiri, Mama alikuwa akiswali kuelekea magharibi, na yeye yuko jikoni anajiona mtu mwema. "Niliishusha nikaitazama, dada, nikaona sistahili kukaa karibu na wewe," alisema. "Nimekuja kwenye kisiwa chenu mkanipokea. Nimekulipa hivi."

Mama alipapasa akapata boksi moja gumu, akakaa juu yake. Nilimjua Mama, alikuwa mtu wa dini kwelikweli, wa kuamka kabla ya adhana. Hakuwa mtu wa kuchezea kibla. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na alikaa hivyo mpaka mimi mwenyewe nikataka kutoka nje.

"Magharibi," alisema hatimaye. "Magharibi kuna nini?"

Nesi alijifuta pua kwa kiganja.

"Nauliza. Nikisimama hapa nikaelekea magharibi, naelekea wapi?"

"Bara," Nesi alisema. "Na Njombe iko huko huko."

"Ala!" Mama akainua uso. "Kumbe masika yote, na Ramadhani, na dua zangu zote za miguu na macho, nilikuwa nazipeleka kwenu?"

Nesi akaacha kujifuta.

"Ndiyo maana miguu haiponi," Mama akasema. "Imeombewa Njombe." Na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia naye, kumbe anacheka. Alicheka kicheko kile kile cha miaka yote, kile nilichokisikia kila nilipotoka chumbani. Nesi alimkodolea macho kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Mimi nilikaa chini sakafuni.

Mama alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Alimwambia Nesi asogee, Nesi akasogea. "Unajua kilichoniuma?" alisema. "Kibla kina Mwenyewe, na Mwenyewe anajua nilimtaka Yeye. Kilichoniuma mimi ni mlango kufungwa. Ulinifungia mlango, Nesi. Nikasema basi, nimekuwa kizee."

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa. Haya. Maalim kasemaje? Maana najua huyu mwanangu keshakwenda kwa Maalim, hawezi kujizuia."

Nikamweleza hukumu, zote mbili, kama nilivyoambiwa. Mama alisikiliza akitikisa kichwa. Akasema yeye kwa umri wake hataki shaka, atazilipa. Kila alasiri ataswali ya siku hiyo, kisha atalipa moja katika zile za magharibi. Na atazilipa hapa hapa, katika sebule hii zilimopotelea.

"Lakini ni nyingi, dada," Nesi alisema. "Toka masika…"

"Nyingi sana," Mama akakubali. "Na mimi sioni sawasawa, na siku nyingine mvua, na siku nyingine miguu. Itachukua muda mrefu. Na aliyenipoteza ndiye atakayenielekeza. Simtaki mwingine." Akagonga boksi alilokalia kwa fimbo. "Sasa wewe niambie utanielekezaje ukiwa Njombe."

Nesi alifunika uso kwa mikono yake miwili, na alipoiondoa, ule uso wa wiki zile haukuwapo tena. Sijui niuelezeje. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amelala vizuri na homa imeshuka. Alisema, "Maji ya udhu niliyamwaga, ngoja nichote mengine," akaenda uani mbio mbio, akijigonga goti kwenye kila boksi.

Adhana ilipoita, mswala ulitandikwa kati ya mizigo. Mama alisimama akangoja, mikono chini. Mazoea ya miaka yakamshika Nesi; alizima redio ambayo haikuwa hata imewashwa, akageuka kuelekea jikoni.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

Nesi akasimama. Akarudi polepole, akaweka mikono yake mabegani mwa Mama, akamgeuza, kidogo kidogo, kama anavyomgeuza mgonjwa ambaye yeye anaogopa kumwumiza. Akanitazama mimi kwa wasiwasi. Nikamwonyesha Bweni kwa kidole, naye akamsogeza Mama kidogo tena.

"Hapa?" Mama akauliza.

"Hapa, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kaa karibu," Mama akasema, akainua mikono akafunga swala.

Nesi akakaa pale pale, juu ya boksi, nyuma yake. Nami nikaanza kufungua kamba za maboksi mengine, taratibu, nisiwasumbue.